Upande wa Pili

Mlango wa tramu una mabawa mawili.
La kushoto nililichora wiki tatu,
bawaba kwa bawaba, nati kwa nati,
mpira wa ukingoni wa kuzuia theluji,
mkono wa chuma unaolisukuma bawa nje, kisha pembeni,
kama mtu anayempisha mgeni kizingitini.
La kulia sikulichora.
Nilichagua bapa moja katikati ya fremu,
nikabofya,
na kioo kikanizalia pacha
kabla chai haijapoa.

Ijumaa ile nilitoka mapema.
Vsetín yote ilikuwa ndani ya ukungu, nami nikijiona fundi.
Haraka, safari hii, ilikuja na baraka.

Mwezi ukapita.
Květoslav akapanda kutoka karakanani,
yeye asiyepanda ngazi ila kuna jambo.
Akaweka bolti moja juu ya meza yangu,
na nati pembeni yake.
"Funga."
Nikazungusha. Ikakataa.
"Zungusha kinyume na unavyozungusha kila kitu duniani."
Ikaingia kama iliyopakwa mafuta.
"Tisini na sita," akasema.
"Kule Ostrava walishangaa, lakini mchoro ni mchoro.
Wakazichonga moja moja.
Ankara iko kwa mkurugenzi."
Bolti ambazo dukani huuzwa kwa kilo!

Na bado.
Kibandiko cha VÝSTUP, kwenye bawa la kulia,
kilisomeka PUTSÝV.
Springi zilijisokota upande usiouzwa popote.
Kioo hakikunidanganya. Kilitii.
Nilikiambia geuza, kikageuza
hata kile kisichokuwa na upande wa pili.

Nikakesha na orodha.
Bamba hili ligeuzwe, lina ukushoto wake.
Bolti isogezwe, isigeuzwe.
Mota tumeinunua Brno, haina pacha:
ije ilivyo, izungushwe hadi ikae,
na isipokaa, basi fremu ndiyo iipishe.
Springi, ilivyo.
Kibandiko, kwa jina la Mungu, kilivyo.
Mistari mia mbili na kumi na nne,
na swali lilelile kwa kila mmoja:
wewe una mwenzako ng'ambo ya kioo,
au uko peke yako?

Jumapili huwa kwa mama.
Tangu kiharusi, mkono wake wa kulia
umesahau kulia chakula;
macho ndiyo yamejifunza kulia.
Bohdana, mtaalamu wa viungo, ametuachia kioo
cha kusimama mezani, kama cha kunyolea ndevu.
Mkono mzima unakaa mbele yake,
uliolala unafichwa nyuma, chini ya kitambaa cha jikoni.
Mama anakunja vidole vya kushoto,
na kiooni anaona vya kulia vikikunjika.
Ubongo, Bohdana anasema, ni mwepesi wa kuamini.

Nikaketi namtazama,
mimi niliyelipishwa bolti tisini na sita.
Nilitaka kusema: mama, angalia vizuri,
pete hiyo haijawahi kuvaliwa mkono huo,
na lile kovu la pasi, la mwaka niliozaliwa,
mbona halipo?
Sikusema.
Akakunja, akakunjua.
Midomo ikihesabu bila sauti,
kama anayehesabu chenji na haimwamini muuzaji.

Kisha chini ya kitambaa
kidole gumba kikasogea.
Au ni meza iliyotikisika; tramu hazipiti mtaa huu,
lakini malori hupita.
"Umeona?" akaniuliza,
macho bado yamegandana na kioo.

Nikainama
kuchungulia upande wa pili.