Lugha Yenu Ina Na Nyingi

Baba alikuwa fundi redio, Njoro,
na mteja wake mbishi kuliko wote
hakuwa na redio.
Alileta rubabu, tumbo lake ngozi ya mbuzi
iliyopasuka kwa baridi ya Julai.
Akasema: Nyuzi. Nipe nyuzi.
Baba akafumua waya wa breki ya baiskeli.

Sherzamini. Sisi watoto tulimwita Shezamu.
Mchana alilala chini ya malori karibu na stesheni,
usoni grisi, ndevuni vumbi la kahawa;
usiku alitunga kwa Kipashto
nyimbo ambazo Moshi nzima hakuna aliyezielewa,
labda mbwa wa mama Ndelilio,
aliyekuja kila mara na kulala mlangoni.

Kwao Peshawar aliwahi kuimba redioni.
Maharusi walipakwa hina kwa tuni yake,
na santuri ilipotoka
ilikuwa na jina la mtu mwingine.
Alisimulia hivyo huku akikaza nati,
bila hasira, kama anayetaja bei ya misumari.

Alituma kanda Dar es Salaam. Ikarudi:
lugha hii nani ataisikiliza?
Akacheka mpaka akakohoa.
Wiki nzima hakugusa rubabu.

Kisha Jumapili moja akamwuliza baba
maneno yote yanayoishia na *na*.
Kwao, alisema, wanawake wana wimbo wa mistari miwili,
wa kwanza mfupi kama kizingiti,
wa pili mrefu kama ua,
na mlango hufungwa kwa *na*, au *ma*.
Jana. Shina. Mwana. Tutaonana.
Baba alitaja hadi ugali ukapoa.
"Lugha yenu ina *na* nyingi,
nanyi mnazitumia kuombea chumvi!"

Ndipo akatunga, kwa Kiswahili chake cha gereji:

    *Barua yako imefika;*
    *naisoma kwa vidole, taa hakuna.*

Mama aliacha kuchambua mchele.
Hakuuliza barua ya nani.

Miaka tisa aliimba kwenye harusi za Pasua,
Elinami akimpigia ndoo ya rangi kama ngoma.
Walilipwa pilau, mara moja jogoo.
Alikufa mwaka ule kahawa ilipokosa bei,
na waliobeba jeneza
walikuwa makuli wa stesheni, wengi wao Walutheri.

Imebaki kanda moja. Nyimbo kumi,
au kumi na moja, sijui nihesabuje:
ya mwisho ni mvua tu juu ya bati,
mtu anakohoa, kiti kinaburutwa,
halafu sauti, karibu sana, bila rubabu:

    *Mlima wavaa kilemba;*
    *mama hanioni, bali mimi namwona.*

Kibo ikifunguka asubuhi nasogea dirishani.
Kipashto sijui hata neno.
Naosha vikombe,
mdomo unatafuta *na*.