Daftari la Silaha

Jumamosi, Katuba. Umeme umekwenda zake.
Mshumaa umesimama ndani ya kopo la maziwa,
meza ni mlango wa zamani juu ya matofali.
Dadu ya nyuso ishirini aliichonga mjomba wa Kyungu
kwa malakiti, kijani juu ya kijani,
nayo ina upande mzito: inapenda kumi na saba.
Tunajua. Tumekubaliana tusiseme.

Mimi ndiye mwenye daftari.
Mimi ndiye mvua, mlinzi wa daraja, fisi mwenye taji,
na ukurasa wa vyuma niliuandika mimi.

Ulikuwa rahisi, lugha ilinitangulia.
Risasi: huyeyuka upesi, huua upesi, neno ni lilelile.
Bati: silaha mbovu, ila likiwa juu ya kichwa
mvua haikugusi. Ngao, pointi moja.
Chuma: hakiji chenyewe, huchumwa.
Fedha: huwatisha wachawi na mahakimu,
lakini uchomoe upanga wa fedha sokoni
uone utakavyopata ndugu.
Shaba niliiogopa kidogo. Lilikuwa jina la jimbo zima,
baba bado analo kwenye kitambulisho kilichokunjika.
Nikaandika: inakumbuka. Basi.

Halafu Mwansa akataka kobalti.
"Upanga wa buluu," akasema, "unaokata kila kitu."
Nilikuwa nimechoka, yeye ameleta karanga,
nikampa. Tatu juu ya kila pigo.

Wiki tatu, mchezo ukafa mikononi mwetu.
Fisi alikatwa kabla hajacheka.
Lango la mawe, fyu. Joka la ziwani, fyu.
Musau akaanza kusinzia,
Kyungu akabaki na karanga zake.
Nikapunguza tatu ikawa mbili. Nikapandisha bei.
Nikaongeza: utavunjika dadu ikionyesha moja,
lakini dadu yetu, mnaijua.

Ndipo Numbi, anayeosha mawe mtoni
siku tano za juma,
akauliza bila kuinua macho:
"Gunia la kobalti umewahi kulibeba?"
Sijawahi.
"Basi unapima nini?
Na tena si buluu. Ni nyeusi, kama makaa yaliyolowa."

Usiku ule nililala na daftari kifuani.
Chumba cha pili baba alikohoa
kikohozi chake cha tanuri, cha pensheni isiyofika,
nami nikawa nahesabu: pigo, pigo,
kimya,
pigo.

Jumamosi iliyofuata nimefuta namba zote.
Nimefuta na "buluu". Nimeandika hivi:

Upanga huu hukata kila kitu.
Kabla ya kila pigo, anayeushika
ataje mtu mmoja aliyechimba mawe yake.
Jina la kweli. Halirudiwi.
Majina yakiisha, ameshika jiwe.

Mwansa akacheka. Wachimbaji? Anawajua mia.
Pangoni, mbele ya Mama Nyoka,
akataja Kabwita. Pigo.
Akataja Chola wa Kawama, yule wa baiskeli. Pigo.
Akawataja mapacha, mmoja mmoja,
na nyoka akawa anapungua, anapungua.
Halafu akafungua kinywa, jina likawa linakuja,
nasi sote tukaliona kabla halijatoka:
tulikuwa msibani mwezi wa nne,
tulikula bukari palepale, viatu vyekundu kwa udongo,
na mama yao alikuwa anatuuliza sisi
shimo lilikuwa na urefu gani.

Nta ikadondoka mezani. Hakuna aliyeifuta.

"Nauweka chini," akasema Mwansa.
"Nachukua rungu."

Rungu la mti. Pigo la kawaida.
Nyoka bado ana uhai arobaini.

Akatupa.
Nne.
Hatukuwahi kuiona nne, hata sikujua
mjomba aliichonga upande gani.
Musau akaamka, akauliza nani anakufa.
Numbi akavuta kigoda karibu na mshumaa:
"Subirini," akasema, "mimi nina kamba,"
na kwa mara ya kwanza tangu mvua za kwanza
Kyungu aliacha karanga.