Safu ya Kumi na Nne

Barua ya ufadhili ilisema: wiki kumi na mbili,
dola elfu saba na mia mbili.
Kodi ya chumba hadi Agosti, na chenji ya viatu.
Neno uendelevu lilirudiwa mara tisa.
Nilihesabu; ndiyo kazi niliyosomea.

Kiangazi cha kabla nilifanyia maabara kazi ya bure.
Waliuita uzoefu.
Uzoefu hauliki, na mwenye nyumba haupokei.

Mama alikuwa akifunga majani ya haradali
kwa soko la Jumamosi, hapa Saint Paul,
mpira ukigonga vishina, twa, twa.
"Wanakulipa," aliuliza kwa Kihmong, "uhesabu mvuke?"
"Unaovuja tu, Mama."
"Wangeniuliza mimi. Miaka kumi na mmoja
nimefua mashuka ya hospitali hiyohiyo.
Naujua. Uliniunguza vifundo."

Juni nikashuka ngazi sitini na mbili
na kamera ya joto, na kofia ngumu iliyonipwaya,
hadi kwa Verlyn Aasgaard, mtunza boila,
aliyenipokea kama apokewavyo karani wa kodi.

Kwenye kioo cha kamera, zambarau ni baridi
na nyeupe ni pesa inayotoroka.
Yeye alichukua bisibisi,
ncha kwenye bomba, mpini sikioni,
akafumba macho.
"Huyu mzima. Huyu ana mafua.
Huyu alikufa Machi; nimeandika barua tatu."
Kamera ya dola elfu nne ikakubaliana naye
vali kwa vali, siku kwa siku,
isipokuwa moja.
Tuliifungua hiyo moja.
Kamera ndiyo iliyokosea.

Saa sita tulikaa juu ya ndoo zilizopinduliwa.
Akaomba kuonja pilipili ya mama yangu,
akalia machozi, akanywa maji, akalaani,
na kesho yake akaja na kijiko chake mwenyewe.
Bado miaka miwili na miezi mitatu, alisema,
halafu pensheni, na ziwa, na kutosikia kitu.

Julai nilipata jumla:
mvuke wetu unaopotea
ungepasha joto nyumba mia moja na arobaini
Januari yote, na Januari ya hapa si ya mchezo.
Nilicheka peke yangu mbele ya jedwali.
Nilidhani namba nzuri haina mwenyewe.

Bi Tschida wa ghorofa ya tano aliisifu ripoti,
kisha akasema kuna safu nimeiruka.
Boila mpya hujiangalia zenyewe usiku.
Safu ya kumi na nne: mishahara.
"Fedha nazo zina uendelevu wake," alisema
bila ubaya wowote,
akinisogezea sahani ya biskuti.
Nikala mbili.

Namba niliijua. Ningeweza kusema siijui.
Usiku ule feni ilizunguka, safu ikabaki tupu,
na posho yangu ya tatu ilikwisha kuingia benki.
Nikaijaza.
Chini yake nikaandika habari ya ile vali,
na bisibisi, na barua tatu zisizojibiwa,
na kwenye jalada, kabla ya jina langu, lake.
Sikujua kama hiyo ilikuwa heshima
au ni kumtia sahihi kwenye hukumu yake.

Nilimpelekea kabla ya wao kuiona.
Alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari,
mashine zikinguruma nyuma yake.
Kwenye safu ya kumi na nne kidole kilikaa
muda wa kuchemsha yai.
Kisha akarudi ukurasa wa kwanza,
akatoa kalamu mfuko wa kifuani.
"Jina langu lina a nne," alisema.
"Umeandika tatu."
Akaiongeza, akanirudishia,
akaenda kusikiliza bomba.

Uamuzi ni Oktoba.
Viatu sijanunua.
Jumamosi nafunga haradali na Mama,
naye hajaniuliza,
anapokea tu kila fungu, analipima kwa kiganja,
na lililolegea analirudisha kwangu.