Nyenje wa Kauai

Napiga magoti uani kwa Nohealani, kurunzi kichwani.
Nyenje wamejaa kwenye nyasi zilizofyekwa jana
na hakuna anayelia.

"Zamani walininyima usingizi," anasema mlangoni.
"Sasa kimya ndicho kinaniamsha."

Alikuja nzi mgeni, mwenye sikio kali.
Hufuata wimbo gizani, hutua, huacha funza,
na funza humla mwimbaji kutoka ndani.
Mdomo huponza kichwa;
kwa nyenje, ni bawa.

Kisha akazaliwa mmoja mwenye bawa laini,
lisilo na meno ya kukwaruza.
Hakuchagua. Hakujifunza woga.
Nakala ilikosewa mahali,
na kosa likampita nzi.

Waliolia walikufa na nyimbo zao.
Bubu wakazaa bubu.
Vizazi ishirini hivi, na ua umenyamaza.

Lakini jike bado husikiliza.
Ndiyo maana bubu hujibanza
kando ya mwimbaji aliyesalia,
wamwibie wachumba njiani.

Nohealani anazima taa.
Ng'ambo ya mtaro, sauti moja: kri, kri.
Tunahesabu pamoja, kwa kunong'ona.
Kumi na moja.

Sijui ni nani aliyemfikia kwanza.