Baridi Yabisi

Juu ya duka la magodoro, Mwembe Tayari,
ngazi kumi na tisa. Nilizihesabu kwa goti.
La kushoto liligoma kwenye ya saba,
la kulia likagoma kwa kumhurumia mwenziwe.

Mlangoni Kadzo, binti wa Rabai,
aliyeokota Kichina kwenye reli, Miritini,
neno leo, neno kesho, kama mtu achaguaye mchele.
"Daktari Qiu asema, toa ulimi."
Mimi, Mwanakombo binti Shee, miaka hamsini na sita,
niliyeuzuia ulimi huu kwa wakwe, kwa wadai, kwa askari wa kaunti,
nikautoa mbele ya mgeni kama mtoto mjeuri.

Akautazama. Akaandika.
Kisha vidole vitatu juu ya kifundo cha mkono,
si kama nesi mwenye kutazama saa,
bali kama aliyebisha hodi
na yu radhi kungoja.

Akauliza: unalala saa ngapi?
Hakuna aliyewahi kuniuliza hilo.
Nikasema, viazi karai huisha saa tano,
karai lenyewe naliosha saa sita,
adhana ya alfajiri hunikuta nakanda mahamri.
"Kwa hiyo hulali," akasema Kadzo kwa niaba yake.
Kwa hiyo silali.

Akauliza: maumivu yana joto au baridi?
Nikacheka. Bi Daktari,
huku kwetu jina lake ni baridi yabisi.
Kadzo akakwama. Hiyo yabisi akaitafuta hewani,
akasugua kiganja kwa kiganja, kikavu kwa kikavu,
hata yule mama akainua macho kwenye karatasi.
"Asema kwao pia ipo. Huingia mfupani ikapanga chumba.
Ila yako imeingia na maji."
Nani wa Mombasa hana maji?
Chumvi yenyewe huku hulia ndani ya kikopo.

Ukuta mzima droo. Akazivuta,
akapima kwa mizani ndogo kama ya sonara
magome, mizizi, kitu kama unyoya, kitu kama ukucha.
Nikajipa moyo kwa nilivyovitambua:
mdalasini, huu. Tangawizi kavu, hii.
Vidonge vyangu vya sukari, vya hospitali,
akavisoma, akavirudisha kwa mikono miwili.
"Hivi usiache hata siku moja. Dawa yangu si badala."

Maji ya barafu, basi. Uji wa mchele asubuhi,
boga, kunde, mafuta kidogo.
Kadzo, umemwambia kazi yangu?
"Nimemwambia. Asema uza, usionje."

Siku ya tatu nyumba yanuka msitu uliolowa.
Mwanangu Shekue akauliza nani kafia jikoni.
Nikaziba pua, nikanywa. Uchungu wake hauna adabu,
hurudi kooni kukusalimu mara ya pili.

Sasa juma la sita, na sitasema nimepona.
Goti bado latabiri mvua kabla ya redio.
Lakini saa tatu nazima moto, wateja wanune wakinuna,
nami nalala fofofo, kama deni lililolipwa.

Jana nilimkuta Daktari Qiu anakohoa,
shali shingoni, katika joto la Machi.
Kadzo hakuja, mtoto ana surua.
Tukabaki wawili, hatuna neno.

Nikashuka ngazi zile, nikaenda sokoni,
nikarudi na fungu la mvumbasi, shilingi thelathini.
Nikachemsha kwenye chungu chake mwenyewe.
Nikamshika mkono, vidole vitatu,
sijui nasoma nini, ila palikuwa na mtu ndani.
Nikajigusa mdomo: toa ulimi.
Akautoa.

Nikamfunika kanga, yeye na chungu na mvuke.
Huko chini akasema kitu, kirefu.
Nikaitika: eee.