Sikio la Nguzo

Nguzo haiozi kichwani.
Hilo ndilo la kwanza alilonifunza Oiva Kemppainen,
tukiwa na nyundo mbili, keekee, na mkebe wa kreosoti
unaonuka kama moshi ulioganda.
Haiozi miguuni pia: kule chini
udongo wa Kainuu umebana, kuvu haipati pumzi.
Huoza kiunoni,
shubiri moja juu ya ardhi, shubiri moja chini yake,
pale maji na hewa vinapopeana mikono.
"Penye starehe ndipo panapooza," alisema,
akatema mate, akacheka peke yake.

Kiangazi chote tulifuata waya za simu,
kutoka kituo cha reli hadi kwenye vinamasi
ambako mbu hawajui Jumapili.
Unagonga. Unasikiliza.
Mti mzima hujibu papo hapo, ko!
kama mtu aliyeitwa kwa jina lake.
Mti mgonjwa huguna, bu,
kama mtu anayejifanya hakuwa amelala.

Huyo tunamtoboa mshazari,
tunamsukumia vijiti vya boroni vyeupe kama chaki,
tunaziba tundu kwa kigingi, basi, tunaiachia mvua.
Unyevu uleule unaoilisha kuvu
ndio utakaoyeyusha dawa na kuitembeza ndani.
Adui anabeba sumu yake mwenyewe,
wala hadai ujira.
Kisha tunafukua shina, tunapaka kreosoti,
tunaifunga nguzo kibwebwe cha karatasi ya lami
kama mama anayejiandaa kwa kazi nzito.

Miaka thelathini na minne Oiva amegonga.
Lakini tangu Juni
aligonga mara tatu pale ambapo zamani ilitosha moja.
"Upepo," alisema.
Majani ya mibetula yalikuwa yametulia tuli.

Nguzo mia nne kumi na saba
iko nyuma ya bafu la mvuke la Hilja Tolonen.
Jumatatu, Eero alikuwa aipande kubadilisha vikombe,
Eero mwenye watoto watatu na mkanda mmoja wa ngozi.
Oiva akagonga.
Bu.
Niliisikia hadi kwenye meno.
"Nzima," akasema, akaandika daftarini.

Sikio la kufa halisikii dawa.
Ila hili halikuwa la kufa,
lilikuwa limechoka tu kusikiliza miti.
Na mimi, mwanafunzi wa miezi miwili,
ningemwambiaje?

Sikusema. Nilichukua keekee.
Mzunguko wa kwanza mgumu: ganda lililokunywa dawa kiwandani
bado lilikuwa linatimiza ahadi.
Wa pili mgumu.
Wa tatu, chuma kikazama kama kisu kwenye mkate,
nikaanguka begani mwa nguzo.
Kilichotoka kilikuwa cha kahawia, chepesi kama ugoro,
na ndani yake nyuzi nyeupe, laini,
mvi za mtoto.

Nilimmiminia kiganjani.
Hakutazama. Alinusa.
Pua ilikuwa haijambo: nilimwona akiusoma
uyoga, mvua ya mwaka juzi, ufa uliosahauliwa bila kupakwa.
Alinusa tena, muda mrefu kuliko ilivyohitajika.
Hilja alitoka na birika la kahawa,
akatuona, akarudi ndani.

Oiva akafuta neno lake kwa mstari mmoja ulionyooka.
Pete nyekundu aliipaka mwenyewe,
polepole, kuzunguka kiuno chote,
nguzo ya kukatwa.
Kisha akanikabidhi nyundo yake, ile ya mpini wa mwerezi,
yenye alama ya gumba ambayo gumba langu halikuijaza.
"Wewe gonga. Mimi nitapaka."
Hayo tu.

Kwenye mia nne kumi na nane niligonga.
Ko!
Hakuitazama nguzo.
Alinitazama usoni,
akalowesha ncha ya penseli kwa ulimi,
akaandika: nzima.