Daftari la Bei

Yadi ya Twalib, ukishapita Changamwe, mkono wa kushoto.
Magari yameoshwa, hata matairi yamepakwa mafuta
kama kichwa cha mtoto siku ya Idi.
Twalib hasemi bei. Asema, "Karibu dada,
kaa kwanza, wanywa soda gani?"
Nami najua soda hiyo nitailipa mwenyewe,
imeshonewa ndani ya bei kama bitana.

Sienta, rangi ya fedha. Redio yake yaongea Kijapani
peke yake, kwa adabu, na hapana aielewaye.
Nikapima nyuma kwa utepe wa cherehani.
Twalib akacheka: "Wapima gari au wapima kanzu?"
Napima ile keki ya ghorofa nne
iliyolala chali ndani ya tuktuk, pale Makupa,
na bibi harusi ananipigia simu.

"Milioni moja na laki nne. Kwa sababu ni wewe."

Kwa sababu ni mimi!
Hatujaonana maishani.

Nikatoa daftari mkobani.
Jalada lina twiga, kona zimekula siagi.
Mna wanawake wa chama chetu humo,
na waume zao wasiojua kuwa wamo:
Umazi, Vitz, laki sita na themanini, akaongezwa kapeti.
Nargis, Noah; alilia, wakapunguza elfu hamsini
(pembeni kaandika: machozi ya kweli, si ya biashara).
Bi Kibibi, Probox, mita imerudishwa nyuma,
na chini kwa wino mwekundu:
OMBENI KARATASI ZA BANDARI, MSIONE HAYA.

Mji huu mtu atakwambia ugonjwa wake,
atakwambia talaka ya dadake na sababu zake,
lakini muulize gari kanunua ngapi:
"Aa, tulielewana tu."
Mlielewana! Na nani? Kwa ngapi?
Siri hiyo ndiyo kiti anachokalia Twalib,
chenye magurudumu, kizungukacho.

Nikasoma kwa sauti:
"Sienta, mwaka huo huo, yadi hii hii, mwezi wa Rajabu,
milioni moja na laki moja na nusu."
Akampigia bosi wake
kwa simu ambayo kioo chake kilikuwa giza.
Ushuru umepanda, akasema, shilingi imeshuka,
meli imechelewa, mke wangu kajifungua.
Nikampa hongera. Nikamwahidi keki.
Nikainuka, nikahesabu hatua kuelekea langoni.
Ya nane: "Dada! Dada, hebu rudi."

Milioni moja, laki moja, elfu arobaini.
Soda sikuigusa.

Jioni akaja Shee kuliona.
Kaka yangu, anayo yake kama hii, rangi ya maziwa,
ya kwa Twalib, mwaka jana,
"bei ya ndugu," alisema, na nyumba nzima tukampigia makofi.
Akalizunguka, akaligonga tairi kwa ncha ya kiatu.
"Wamekutoza ngapi?"

Ulimi uliosoma kwa sauti mbele ya Twalib
ukawa mzito kama unga uliokosa hamira.
Tulielewana tu.
Neno lenyewe lilikuwa tayari kinywani, dogo, tamu,
lingetulaza sote salama.
Mama, aliyekuwa akichambua mchele, akaacha kuchambua.

Nikamwambia.

Alinyamaza adhana nzima, ya msikiti wetu
na ya ule wa jirani unaochelewa.
Kisha akaingia kiti cha dereva,
mlango wazi, mguu mmoja nje,
akaushika usukani wangu kana kwamba twaenda mahali.
"Laki mbili na elfu kumi," akasema. "Zaidi."
Si kwangu. Kwa kioo.

"Lile daftari unalo?"

Nikampa, na kalamu yenye kifuniko kilichotafunwa.
Akaandika polepole, mwandiko wa shule,
tarakimu zote, hata sufuri mbili za senti.
Mahali pa jina akapiga mstari.
Akafikiri.
Akairudia kalamu, na juu ya mstari akaandika:
Ndugu.